Trela Iliyoinamisha Pua Kuelekea Bungoma

Nilikwenda Bungoma kwa sababu bibi kizee mmoja alikataa pesa. Mpwa wangu Wekesa alikuwa amechumbia msichana wa huko, jina lake Nekesa, na wazee wa pande zote mbili walikuwa wamekubaliana karibu kila kitu, mpaka nyanya yake Nekesa alipoulizwa yeye angependa nini. Akasema noti hazikamuliwi. Alitaka mtamba mwenye mimba, na alitaka kumwona akiingia langoni mwake kwa miguu yake minne, mzima. Kama mtamba hayupo, mazungumzo yangoje hadi baada ya mavuno. Wekesa aliposikia neno mavuno uso ulimshuka, maana mahindi ndiyo kwanza yalikuwa yamefika magotini.

Wekesa ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Nimemlea mimi, na huniita Senge, kama watoto wetu wanavyomwita shangazi wa upande wa baba. Senge ana kazi yake katika ndoa ya mpwa wake, na mimi nikipewa kazi sijui kuifanya kimyakimya. Nilisimama mbele ya wazee nikasema, "Mtamba ninaye, gari ninalo, trela ninayo. Ng'ombe atafika." Mtamba kweli nilikuwa naye, Kahawa, ambaye nilimlea kwa chupa baada ya mama yake kufa. Pikapu pia ilikuwapo, ile ninayobebea chakula cha mifugo kupeleka dukani kwangu Kitale. Trela ilikuwa mpya kabisa. Nilikuwa sijaivuta hata mara moja, lakini kanisani nilikuwa nimeshaizungumzia vya kutosha.

Kitale, siku chache kabla ya safari, nilipeleka pikapu na trela kwa fundi Athumani, mwenye karakana nyuma ya msikiti. Tulihitaji kiungio, yaani kile chuma cha nyuma ya gari chenye tufe mwishoni, ambalo shingo ya trela hulikalia. Jambo kubwa katika kiungio ni kimo chake. Kikiwa juu mno, trela huinua pua na kuyumba mkia barabarani. Kikiwa chini mno, trela huinamisha pua na kila kilichomo ndani huteremkia mbele. Trela inatakiwa ilale sawa kama meza. Haya yote niliyajua, tena nilimweleza Athumani kwa sauti kubwa ili na wateja wengine wafaidike, na ndiyo maana sasa naona haya zaidi.

Athumani alikuwa amekata bamba zito lenye matundu yaliyopangwa kutoka juu hadi chini. Unachagua tundu, unafunga kwa bolti, na siku nyingine ukitaka kimo kingine unahamisha.

"Bolti, hapa Kitale?" nikamwambia. "Si zitaibwa kabla hatujafika Kiminini! Chomelea kabisa, isitoke."

Mimi ni mtu ambaye ameibiwa vioo vya pembeni mara mbili na kifuniko cha tangi mara moja, kwa hiyo nikiona kitu kimefungwa kwa bolti huwa naona kimeshaondoka. Athumani akakuna kidevu.

"Hata mimi ngazi yangu iliibwa hapo nje, ati ngazi, mama," akasema. "Tuchomelee tu."

Basi tukashirikiana kukosea. Pikapu ilikuwa tupu, imeoshwa inang'aa, imeinua mkia kwa zile springi za ziada nilizoongeza kwa ajili ya magunia. Trela nayo ilikuwa tupu. Athumani akaweka pima maji juu ya sakafu ya trela, na kile kipovu cha hewa kilicho ndani yake kikatulia katikati kabisa. Tukakitazama wote wawili kwa furaha, kama wazazi wanaotazama mtoto akisimama kwa mara ya kwanza. Kisha akachomelea, cheche zikaruka, na mimi nikaenda dukani nikanunua pima maji yangu mwenyewe ya kuweka garini.

Shambani kwetu, mahali paitwapo Kwanza, asubuhi ya safari, ndugu zangu walifika mmoja mmoja, wote wamevaa makoti. Ningependa msomaji aelewe kwamba katika ukoo wetu mtu hachaguliwi kwenda kwa wakwe kwa sababu anajua kusema tu. Lazima aonekane kwamba kwao kunaliwa. Kaka yangu mkubwa Wanjala, ambaye ndiye msemaji wetu, anaonekana kutoka mbali sana. Alikuja na kiti chake cha mbao chenye mikono, cha nyumbani kwake, kwa sababu alisema hawezi kwenda kumwozesha kijana akiwa amekaa juu ya kreti ya soda.

Kumpandisha Kahawa kulituonyesha dalili ya kwanza, na hatukuiona. Alipoweka miguu ya mbele juu ya ubao wa kupandia, uzito wake ukakandamiza trela upande wa nyuma, shingo ikanyanyuka, na mkia wa pikapu ukanyanyuka nao. Magurudumu ya nyuma, ambayo ndiyo yanayoshikwa na handibreki, yakabaki yakigusa nyasi kwa heshima tu. Gari likaanza kutembea lenyewe. Ndugu zangu wakaruka wakaning'inia kwenye shingo ya trela wakiwa na makoti yao, gari likatulia, Kahawa akaingia, tukacheka sana. Nikatazama trela. Ilikuwa sawa.

Halafu nikaingia garini, nikageuza kioo cha ndani nikaanza kufunga kitambaa changu cha kichwa. Nyuma yangu walikuwa wakipanda ndugu zangu, gunia la unga, mfuko mkubwa wa sukari, kreti za soda na mikungu ya ndizi. Wanjala akaweka kiti chake mwisho kabisa, mgongo kwenye mlango wa nyuma, ili amchunge mtamba kwa macho na yeye mwenyewe aonwe na watu. Gari likashuka nyuma polepole. Mimi nikadhani ni kitambaa kinachonivuta kichwa.

Mjini Kitale watu walitutazama sana. Mwenye duka la viatu alisimama kando ya barabara akanyoosha kidole kuelekea nyuma yetu, akakishusha chini, akakinyoosha tena. Nikampungia mkono. Mama wa mboga naye akapiga kelele akionyesha chini. Nikampungia pia, nikamwambia Wekesa, aliyekuwa ameketi kando yangu na suti yake, "Unaona jinsi watu wanavyotutakia heri?"

"Senge, usukani uko sawa? Naona unauzungusha na kidole."

"Hiyo ndiyo faida ya kutunza gari," nikamjibu.

Usukani ulikuwa mwepesi kwa sababu pua ya pikapu ilikuwa ikitazama mawingu na magurudumu ya mbele yalikuwa yanaonja lami tu. Lakini hadi hapo hakuna aliyeniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake.

Karibu na Kiminini, nilipopunguza mwendo kwenye tuta, tukasikia kishindo nyuma, kisha mbao zikalia. Nikasimamisha gari kando. Ndugu zangu wote wakashuka haraka, Wanjala akiwa wa mwisho, na sisi sote tukazunguka trela. Kahawa alikuwa amesimama wima akitutazama. Trela ilikuwa imelala sawa kama meza. Nikatoa pima maji yangu, nikaiweka kwenye ukingo wa trela, kipovu kikatulia katikati.

"Si mnaona?" nikasema.

"Ni wewe unafunga breki vibaya," Wanjala akasema. "Huyu si mfuko wa chakula cha kuku."

Tukapanda tena. Hatukwenda mbali, kishindo kingine. Tukashuka tena sote, tukazunguka, trela iko sawa, kipovu kiko katikati. Ndugu yangu mmoja akasema labda Kahawa anaogopa lori. Mwingine akasema labda ni tabia, ng'ombe waliolelewa kwa chupa hudeka. Nikamtetea Kahawa. Tukapanda. Nikawa naendesha polepole kiasi kwamba mzee wa baiskeli alitupita akatusalimia.

Kamukuywa, kabla ya njia panda ya Kimilili, kishindo cha tatu kilikuja na sauti ambayo nilikuwa sijawahi kuisikia kwa Kahawa, ya chini na ndefu. Wakati huu niliruka nje kabla mtu mwingine hajashuka. Alikuwa amepiga magoti. Kifua chake kilikuwa kimebanwa kwenye mbao za mbele, miguu ya nyuma ikihangaika kupata pa kukanyaga, na goti moja lilikuwa linatoka damu. Mate yalikuwa yanamdondoka. Nikaingiza mkono kati ya mbao nikamshika tumboni, pale ndama anapolala, na sikusikia kitu.

Niliogopa. Huko nyuma nilikuwa nimeona aibu, nimekasirika, nimejitetea, lakini hapo niliogopa kweli. Nilimwona bibi yule wa Bungoma akifunga lango. Nilimwona Wekesa akirudi Kitale na suti yake kungoja mavuno, halafu kungoja kitu kingine, mpaka siku moja Nekesa achoke kungoja. Na nilimwona Kahawa akipoteza ndama kwa sababu yangu, yeye aliyekuwa akinifuata mpaka mlango wa jikoni.

Ndugu zangu wakashuka. Na hapo, nikiwa bado nimeinama kando ya trela, nikaona pua yake ikinyanyuka. Polepole, kadiri kila koti lilipogusa chini. Wanjala aliposhuka mwishowe, ikaruka. Kahawa akapata nafasi, akajikusanya, akasimama. Trela ilikuwa imelala sawa kama meza.

"Kaka," nikasema, "panda tena."

"Nimeshuka sasa hivi."

"Panda tu, tafadhali."

Akapanda, akakaa kwenye kiti chake. Mkia wa pikapu ukazama, kiungio kikazama nao, pua ya trela ikainama na Kahawa akaanza kuteleza.

"Shuka!"

"Wewe Nasimiyu, mimi ni mtoto?"

Akashuka. Trela ikanyooka. Tukasimama pale kando ya barabara, watu wazima wenye makoti, tukiangalia kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yetu tangu Kitale. Kila tulipoteremka kuutafuta ubaya, tuliteremka nao. Tulikuwa tunapima trela pikapu ikiwa haina watu, tunapanda, tunaiharibu, tunashuka tena kupima. Kimo nilichochagua kilikuwa sahihi kabisa kwa gari ambalo hakuna mtu amepanda.

"Si uhamishe hiyo chuma kwa shimo la juu?" ndugu yangu mmoja akauliza. "Naona iko na mashimo mingi."

"Imechomelewa," nikasema.

"Nani alisema ichomelewe?"

Nikatazama Mlima Elgon. Ulikuwa umejaa mawingu, haukunisaidia.

Kwa kuwa kiungio hakikuweza kupanda, ilibidi uzito uhame. Gunia la unga, sukari, ndizi na soda tukavisukuma vyote mbele, vibanane na mgongo wa kabini ya dereva. Ndugu zangu wakaketi juu yake, mabega kwa mabega. Wanjala akaambiwa aje mbele kwangu, akakataa, kisha akatazama goti la Kahawa, akaja. Wekesa akampisha. Bodaboda ikaitwa, na bwana harusi mtarajiwa akapanda nyuma ya pikipiki na suti yake, amebeba kiti cha baba yake mkubwa kichwani, miguu ya kiti ikitazama juu.

"Niaje, boss, unahama?" mwenye bodaboda akamuuliza.

"Naenda kuoa," Wekesa akasema.

Nikaiweka tena pima maji, safari hii watu wote wakiwa wamepanda na hakuna anayeruhusiwa hata kukohoa. Kipovu kilikuwa kimesogea kidogo tu. Pua ya trela ilikuwa imeinama kidogo, kiasi cha kuvumilika. Nikamwosha Kahawa goti kwa maji ya kunywa, nikamwambia pole. Hakunitazama.

Kimilili tulipita bila kishindo. Usukani ulikuwa mzito mkononi, na nikagundua kwamba hivyo ndivyo usukani unavyotakiwa kuwa. Wanjala alijaza nafasi yote iliyobaki, bega lake likinisukuma kwenye mlango, akaanza kunifundisha kuendesha. Yeye hajawahi kuendesha chochote isipokuwa mkokoteni wa punda. Nilimsikiliza kwa adabu mpaka Chwele, na hilo pekee linatosha kuwa adhabu yangu.

Chwele ilikuwa siku ya soko la mifugo. Tulipita katikati ya mbuzi, vitunguu na watu ambao kazi yao ni kumtazama ng'ombe mara moja na kumjua kuliko mwenyewe. Mchuuzi mmoja mwenye fimbo alitembea kando ya trela kwa muda, maana tulikuwa tunakwenda mwendo wa miguu.

"Huyu unauza, mama?"

"Anaenda kwa wenyewe."

"Na hiyo goti? Ni ng'ombe ya kanisa?"

Watu wakacheka, hata ndugu zangu huko nyuma wakacheka, nami nikacheka kwa meno tu. Nikaanza kufikiria mafuta ya kupaka na matope ya kuficha. Wanjala aliyasoma mawazo yangu akasema nimwachie yeye, ameshapata maneno ya kulieleza goti. Nikajua hatari imeongezeka.

Nyumbani kwa akina Nekesa ni kabla ya kufika mji wa Bungoma, ndani kidogo kutoka barabarani, na lango lao limekaa kwenye mteremko. Akina mama walikuwa wamejipanga wakiimba, vitambaa juu, watoto wamepanda ua. Wekesa alikuwa ameshafika, amesimama kando na kile kiti. Nikasimamisha gari, nikavuta handibreki, na nikasikia ndugu zangu wakianza kuinuka kukung'uta makoti.

Hapo nikakumbuka jinsi pikapu ilivyojiondokea kule shambani Kwanza. Wakishuka wao, mkia wa gari utakuwa mwepesi. Kahawa akirudi nyuma ili ashuke, trela itainuka mbele kama mizani ya sokoni, magurudumu ya handibreki yataachia ardhi, na sisi sote, gari, trela na mtamba mwenye mimba, tutaingia kwa wakwe bila kukaribishwa. Nikatoa kichwa dirishani.

"Hakuna mtu kushuka!" nikapiga kelele. "Kaeni chini! Wote!"

Wakakaa. Nyimbo zikafifia. Mjomba wake Nekesa, mtu mrefu mwenye kofia mkononi, akaja hadi dirishani.

"Kalibuni, wageni. Shukeni basi. Chakula iko tayali."

Hakuna aliyejitikisa. Ndugu zangu walikuwa wamekaa juu ya unga, mikono magotini, wakitazama mbele. Mjomba akarudi nyuma wakanong'onezana. Wageni wakikataa kushuka kwenye gari, maana yake ni moja tu, kwamba wanadai kitu. Akatumwa msichana akaleta soda. Ndugu zangu wakazipokea, wakanywa, wakaendelea kukaa. Wakanong'onezana tena. Akaletwa kuku jogoo, akapitishwa dirishani, akawekwa mapajani kwa Wanjala.

Nikafungua mdomo nieleze habari ya handibreki. Wanjala akanikanyaga mguu.

"Tumeshukuru kwa jogoo," akasema kwa ile sauti yake ya mikutano. "Lakini kwetu Kitale, mtu hashuki mbele ya ng'ombe. Ng'ombe kwanza, halafu sisi."

Hakuna desturi kama hiyo Kitale. Haipo popote. Lakini ilipokelewa kwa vigelegele, na mjomba akasema kumbe, hata wao wazee wao walikuwa wanafanya hivyo zamani. Nikateremka mimi peke yangu, nikaenda nyuma nikashusha ubao. Ndugu zangu wakakaza kukaa. Kahawa akarudi nyuma hatua kwa hatua, trela ikalia, mkia wa pikapu ukanyanyuka kidogo, ukakataa kuendelea. Uzito wa ukoo wetu uliishikilia. Kwa mara ya kwanza siku hiyo nilishukuru kwa kila sahani ambayo ndugu zangu wamewahi kumaliza.

Kahawa akakanyaga ardhi ya Bungoma, akasimama, akapita langoni kwa miguu yake minne. Alikuwa anachechemea.

Nyanya yake Nekesa alikuwa ameketi kwenye mkeka chini ya paa la jikoni. Aliinuka mwenyewe, akaja. Ni mama mdogo wa umbo, amejifunga leso mbili. Akamzunguka Kahawa mara moja, akainama, akagusa goti.

"Hii ni nini?"

Ndugu zangu walikuwa wameshashuka. Wanjala akasogea mbele na jogoo chini ya kwapa, akasafisha koo, akamwita kwa neno letu la nyanya. "Kukhu, mtamba huyu ametoka mbali, na alipoona mlima..."

"Ni mimi, Kukhu," nikasema. "Niliweka chuma cha kuvutia trela kwa kimo kibaya. Nikapima gari likiwa tupu, nikasahau kwamba tutapanda. Ameanguka njiani mara tatu. Sijui kama ndama ni mzima."

Nimewahi kungoja majibu ya mitihani na ya hospitali, na sikumbuki kungoja kama nilivyongoja pale. Wekesa alikuwa bado ameshika kiti cha Wanjala, amekikumbatia kabisa. Bibi akaegemeza kiganja chake kwenye tumbo la Kahawa, upande wa kulia, chini. Akafumba macho. Akahamisha kiganja kidogo. Kisha akauchukua mkono wangu akauweka pale, na baada ya muda nikasikia teke, jepesi, halafu jingine la hasira.

"Anacheza," akasema. "Goti nitakanda na maji ya moto. Mimi niliuliza mambo ya ng'ombe, sikuuliza ya gali." Akageukia watu wake. "Mpeni maji. Na huyu mama naye, mpeni kiti, miguu inamtetemeka."

Kiti kilichokuwa karibu kilikuwa kile cha Wanjala. Nikakikalia, na nikalia machozi mbele ya wakwe, jambo ambalo Senge hatakiwi kufanya hata kidogo.

Bungoma mjini, kesho yake, nilisimama kununua mafuta. Ndugu zangu walikuwa wametangulia kwa gari la abiria. Walisema wana haraka, ingawa siwajui kuwa na haraka. Wekesa alibaki kumjengea Kahawa kizizi, na nilipoondoka alikuwa juu ya paa na misumari mdomoni, Nekesa akimshikia ngazi, wakinong'ona na kucheka. Sikuona ajabu kwamba hakuniona nikitoka.

Njia ya Webuye, kurudi Kitale, trela ilinifuata bila kishindo wala kutikisika. Nilipofika juu ya Misikhu nilisimama, nikashuka, nikaweka pima maji. Kipovu kilitulia katikati kabisa. Athumani na mimi tulikuwa tumepima vizuri sana. Tulichagua kimo bora kwa safari ya kurudi bila mtu. Nikarudi garini nikaendesha, na katika ile kabini nilimokuwa nimebanwa jana nilikuwa na nafasi nyingi kuliko nilivyotaka.

Kitale, wiki iliyofuata, Athumani alikata ule mchomeleo wake kwa mashine, akanung'unika kidogo, akaleta bolti zenye kufuli. Safari nyingine ilikuwa mbele yetu, ya kwenda kumchukua Nekesa, na safari hiyo sikutaka kubahatisha. Niliwaita ndugu zangu wote waje karakana. Nilidhani watakataa. Walikuja na makoti.

Wakapanda pikapu mmoja mmoja, kila mtu mahali pake, na Athumani akalala chini na futi yake. Watu waliokuwa wakitoka msikitini walisimama kuuliza tunaenda harusi gani na mbona gari haliwaki. Nilichojifunza ni kifupi na ningeweza kukijua bila kumtoa ng'ombe damu. Ukitaka kuchagua kimo cha kiungio, usipime gari. Pima gari na watu wako wakiwa ndani.

"Tundu la pili kutoka juu," Athumani akasema kutoka chini ya gari. "Hapo ndipo nyinyi mko."

Akaanza kukaza. Ndugu zangu walibaki wamekaa, mikono magotini, hakuna aliyekuwa amewaambia washuke. Wanjala alikuwa anatazama ile nafasi iliyobaki kati yake na ukingo wa gari, pana kidogo, ambayo hakuna aliyeikalia.

"Baba Wekesa angekuwepo," akasema, "ungechukua lile la juu kabisa."

Tukacheka, maana marehemu kaka yetu alikuwa mnene kutushinda sote. Kisha Wanjala akaweka kiganja chake juu ya nafasi ile, na Athumani chini kule akaacha kukaza, akangoja.